Uzi: Baiskeli ya mbio ya kwanza kwa anayeanza jijini Dar, ukiwa na laki sita au saba mfukoni

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mnamo Septemba 2025, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya hapo, karibu kila wiki kuna mtu ananisimamisha kwenye taa za Morocco, Kinondoni, au kunifuata kazini akitaka kujua baiskeli yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo inapatikana wapi, na kwa shilingi ngapi. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimeona ni afadhali niandike mara moja, kwa utulivu, ili anayetaka kununua asome kabla hajatoa fedha na anayejua zaidi yangu anisahihishe. Mimi si fundi wala si mwanamichezo. Ni mtu wa ofisini ninayeishi Sinza, na huu ni mwaka wangu wa sita wa kuendesha.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua kwa shilingi 380,000 kwa muuzaji wa mitumba, nikiwa nimevutiwa na rangi yake ya bluu na jina la Kitaliano lililoandikwa kwenye fremu. Baada ya wiki tatu tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Nikaenda Kariakoo kutafuta jingine, na duka baada ya duka nikaletewa tairi ambalo ama lilikataa kuingia kwenye rimu ama lilipwaya. Fundi mmoja mzee ndiye aliyeniketisha chini akanionyesha namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi lile kuukuu: 32-630. Namba ya kwanza, alinieleza, ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Baiskeli za mbio za siku hizi karibu zote ni 622, ambayo madukani huitwa 700C. Phoenix na baiskeli nyingine za kizamani zinazobeba mkaa ni 635. Yangu ilikuwa 630, kipimo cha inchi 27 kilichotumika zamani kwenye baiskeli nyingi za mbio kabla 700C haijatawala. Milimita nane tu zilinilaza ndani miezi minne, hadi nilipoiuza kwa shilingi 200,000 kwa mtu aliyetaka fremu peke yake. Wakati huo ndipo nilipogundua pia kwamba ilikuwa kubwa kwangu, na kwamba maumivu ya mgongo niliyokuwa nayachukulia kuwa ndiyo kawaida ya mchezo huu hayakuwa kawaida hata kidogo.

Ndiyo maana nasema kwamba baiskeli yenye thamani kwa mtu wa Dar si ile iliyo nyepesi kuliko nyingine wala iliyobeba jina kubwa, bali ni ile inayokutosha mwilini, na ambayo kitu kikiharibika Jumamosi, kipuri chake na fundi wa kukifunga vinapatikana kabla ya Jumatatu. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Kipimo cha mwili ndicho cha kwanza kwa sababu ndicho pekee kisichorekebishika. Simama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, shika kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kikuguse kama kiti kinavyokugusa, kisha mwombe mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha urefu huo kwa 0.665 nawe utapata, kwa kukadiria, ukubwa wa fremu kwa sentimita. Mimi nina sentimita 82, kwa hiyo fremu yangu ni ya 54 au 55. Ile ya bluu ilikuwa ya 60. Ukizidisha urefu uleule kwa 0.883 utapata kimo cha kiti kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedeli, ambacho kwangu ni sentimita 72 na nusu. Kiti unaweza kukipandisha na kukishusha upendavyo, lakini fremu iliyo ndefu kwako itakulazimisha kunyoosha mikono kila siku, na hakuna fundi atakayeifupisha. Tahadhari moja: fremu za miaka ya karibuni zina bomba la juu lililoinama kuelekea nyuma, hivyo namba iliyoandikwa inaweza kukudanganya. Panda, uendeshe hata mita 200, na viwiko vyako vinapaswa kubaki vimelegea kidogo mikono ikiwa juu ya breki.

Baada ya hapo tazama gia, na hapa wengi hupotea kwa kuhesabu. Baiskeli nyingi za mitumba zinazoingia zina vifaa vya Shimano, kampuni ya Kijapani, na jina la daraja huwa limeandikwa kwenye mikono ya breki au kwenye mtambo wa gia wa nyuma. Kwa kupanda ngazi, Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105 ina 11, au 12 kwa zilizotoka karibuni. Kadiri gia za nyuma zinavyoongezeka ndivyo cheni inavyokuwa nyembamba, ghali, na adimu madukani kwetu. Kwa maoni yangu anayeanza Dar asivuke Sora. Mji wetu ni tambarare. Ukiondoa mlima wa Pugu na mwinuko wa Kimara kwenda Mbezi, adui yako mkubwa ni upepo. Anayetoka Tegeta kwenda Bagamoyo wakati wa kusi huhisi amekuwa bingwa, kisha hugeuza na kugundua nani alikuwa akimsukuma. Gia ya kumi na mbili haikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni usukani ule wa pembe za kondoo, kwa sababu ukivuka kilomita 25 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu zako huishia kuisukuma hewa, na kuinama ndiyo dawa yake.

Kuhusu fremu sina maneno mengi. Alumini ndiyo iliyo nyingi kwenye baiskeli za daraja la kuanzia, na baiskeli nzima huwa na kilo 9 hadi 11, karibu nusu ya Phoenix ya mjomba. Chuma cha kromoli, yaani kilichochanganywa kromi na molibdeni, ni kitamu barabarani na kinachomelewa kikikatika, ila kichunguze kutu. Kaboni iliyotumika sikushauri, kwa kuwa ufa wake hujificha chini ya rangi na hauna tabia ya kukuaga kabla ya kukuangusha.

Matairi, kinyume chake, yanastahili muda wako. Baiskeli nyingi za mbio za zamani ziliundwa kwa tairi la milimita 23, na wengine bado wanaamini kwamba jembamba zaidi ndilo la kasi zaidi. Kwenye lami ya maabara huenda ikawa hivyo. Kwenye barabara zetu zenye viraka, mchanga wa pembeni na chupa zilizovunjwa usiku, tafuta fremu inayopokea milimita 28, na ukibahatika 32. Upana wa tairi hukuwezesha kupunguza upepo wa ndani: mtu wa kilo 70 anayehitaji psi (kipimo cha upepo wa tairi) 85 au 90 kwenye tairi la 25 anatosheka na psi 70 hivi kwenye la 28, na viganja vyake vitashukuru. Kwa muuzaji, angalia nafasi kati ya tairi na daraja la breki. Ukifunga tairi pana unataka zibaki milimita 4 au zaidi kila upande, la sivyo tope la masika litaigeuza kuwa msumeno.

Ukifika kwenye yadi, usianze na rangi. Nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe, utazame kama rimu inayumba baina ya mipira ya breki. Pitisha kidole kwenye uso wa rimu unaobanwa na breki. Ukihisi shimo kama la kijiko, rimu hiyo imekwisha. Shika mikono ya pedeli uitikise kwa pembeni, na ikicheza basi beringi zimechoka. Kisha fanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi: legeza boliti ya kiti na ujaribu kukishusha. Nguzo ya alumini ikikaa miaka mingi ndani ya fremu ya chuma bila grisi hugandana nayo, na kwa hewa yetu ya chumvi mambo huwa mabaya zaidi. Kiti kisichoshuka maana yake ni kwamba umenunua kimo cha Mzungu aliyeitumia. Nenda pia na futi ya fundi cherehani au ya seremala upime cheni: kutoka katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele yake. Cheni mpya hutoa milimita 304.8. Ikifika 306 na nusu, badilisha cheni. Ikifika 308, meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na bei inapaswa kushuka kwa gharama ya vyote viwili.

Jambo la mwisho ni fedha. Mwenye laki saba asinunue baiskeli ya laki saba. Inunue ya laki tano, kwa sababu ndani ya wiki utahitaji kofia ngumu mpya (ya mtumba hujui imeanguka mara ngapi), taa mbili, tyubu za akiba, pampu, na mara nyingi matairi. Dai hati ya mauziano yenye namba ya fremu, ambayo aghalabu huchongwa chini ya ekseli ya pedeli. Baiskeli za wizi zipo, na polisi hawatakuuliza ulilipa kiasi gani.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Tabata

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa darasa, ila naomba kutofautiana nawe. Mimi nimeona baiskeli mpya kabisa, ikiwa bado na karatasi za kiwandani, yenye usukani kama huo, gia 21 na breki za diski mbele na nyuma, kwa shilingi 400,000, na muuzaji akakubali kupunguza. Kwa nini nikahangaike na mtumba wa miaka kumi na mitano, nikibeba futi kama seremala, wakati kipya kipo kwa bei ya chini?

Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la haki, na najua baiskeli unazozisema. Nyingine zimebandikwa hata jina la kampuni ya magari. Naomba uzitazame mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, inyanyue kwa mkono mmoja. Nyingi kati ya nilizozipima zilikaribia kilo 15, na uzito huo umetokana na fremu ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya kuvutia. Pili, gia 21 ni tatu za mbele mara saba za nyuma, na hizo saba aghalabu zimefungwa kwa mtindo wa zamani wa kuskrubu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ambapo ekseli inabaki bila msaada upande wa cheni, hivyo hupinda au kukatika ukiwa mzito au ukipenda kuruka mashimo. Tatu, breki ya diski ya bei ya chini ni diski kwa jina tu. Waya wake hunyooka, pedi zake hazifanani na za kampuni nyingine yoyote, na zikiisha unaanza kuuliza mji mzima. Breki nzuri ya kubana rimu inasimama vizuri kuliko diski mbaya, na kwa kuwa watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye diski, baiskeli nzuri za kubana rimu zimeshuka bei bila kushuka ubora. Hapo ndipo penye faida yetu.

Sisemi kila kipya ni kibaya. Ukipata Giant, Merida, Trek au Specialized mpya ya daraja la chini kwa bei unayoimudu, ichukue bila kunitafuta. Ila kwa laki nne huipati.

Mdau wa Mbagala

Mleta uzi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa sentimita 158, na kila yadi niliyopita nimeoneshwa baiskeli za wanaume warefu, kisha muuzaji ananiambia tutashusha kiti. Nimejipima kwa kitabu kama ulivyoelekeza na nimepata sentimita 72. Je, nikate tamaa nichukue ile ya kikapu mbele?

Mleta uzi

Marahaba, dada yangu. Usikate tamaa, na usikubali kushushiwa kiti. Hesabu yako inatoa fremu ya 48 hivi, na kimo cha kiti cha sentimita 63 na nusu. Fremu za namna hiyo zipo, hasa kwenye mizigo inayotoka Japani, ila hutoka haraka kwa sababu ni chache, kwa hiyo mpe muuzaji namba yako ya simu na kipimo chako kwa maandishi.

Ninyi wenye fremu ndogo mna mtego wenu. Baadhi ya baiskeli ndogo za mbio zilitengenezwa kwa magurudumu madogo yenye namba 571 ubavuni mwa tairi, na tairi hilo kulipata hapa ni sawa na kulitafuta lile langu la 630. Soma namba kabla ya kupenda. Ukiipata ndogo yenye 622, utaona kwamba ukikata kona kwa mwendo wa taratibu ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele. Hiyo si hitilafu, ni maumbile ya fremu fupi, na kwa mwendo wa kawaida haitokei kwa sababu hukati usukani kiasi hicho. Mwishowe, ukiona mikono inanyooka sana, fundi anaweza kubadilisha shingo ya usukani kwa fupi zaidi, tuseme kutoka milimita 100 hadi 80, kwa gharama ndogo. Zaidi ya hapo fremu si yako.

Fundi wa Ilala

Nimesoma uzi huu tangu juu, nami ni fundi, kwa hiyo nivumilieni. Mengi aliyoyasema mleta uzi ni sahihi, isipokuwa ameipitisha alumini bila kutaja udhaifu wake. Ni kweli haili kutu nyekundu, lakini huliwa na chumvi ikatoa unga mweupe, hasa penye boliti za chuma, na ikipata ufa kuichomelea ni kazi ya wachache sana. Wateja wangu wa Kigamboni na Msasani huniletea fremu za alumini zenye boliti zilizogandana kama saruji. Dawa ni kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi kila baada ya safari ya kando ya bahari, na grisi kwenye kila uzi wa boliti mara mbili kwa mwaka.

Jambo la pili halijaguswa, nalo linaniuma kwa sababu naliona kila wiki. Baiskeli za mbio huja na valvu nyembamba iitwayo Presta, ambayo tundu lake kwenye rimu ni milimita 6 na nusu. Tyubu zilizojaa mtaani zina valvu nene kama ya gari, inayohitaji milimita 8 na nusu. Mtu akipata pancha mbali na nyumbani, fundi wa kwanza atakayemkuta atachukua drili apanue tundu ili tyubu nene iingie. Rimu nyembamba ikitobolewa hivyo hudhoofika. Msikubali. Nunueni tyubu tatu za Presta siku ileile mnayonunua baiskeli, pamoja na kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachowezesha kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta, na viraka na solusheni viwe mfukoni.

Na wenye breki za diski za mafuta wanisikilize vizuri: za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukitia mafuta ya breki ya gari, mipira ya ndani huvimba na breki imekufa. Nimeshaletewa mbili mwaka huu, zote zimejazwa na mtu aliyedhani breki ni breki.

Mleta uzi

Fundi, umenisahihisha na nimekubali, hasa hilo la drili. Rimu yangu ya pili ilitobolewa nikiwa nimesimama palepale nikitazama, na nikamshukuru aliyeitoboa.

Mdau wa Kimara

Wakuu, mimi nakaa Kimara Temboni na kazi yangu ipo Posta. Nia yangu ni kwenda kazini siku tatu kwa wiki na kufanya mazoezi mwishoni mwa wiki. Ninachohofia si bei bali barabara. Je, kwa mtu kama mimi usukani ulionyooka si bora zaidi, nikaachana na mambo ya mbio mpaka nizoee?

Mleta uzi

Kaka, kwa matumizi uliyoyataja hoja yako ina uzito. Baiskeli yenye fremu na magurudumu ya 700C lakini usukani ulionyooka hukuweka wima, unaona mbali juu ya bajaji, na vifaa vyake ni vya bei ya chini. Ukinunua hiyo ukijua kwamba ndiyo utakayobaki nayo, hujakosea. Utakosea ukiinunua kwa mawazo ya kuja kubadilisha usukani baadaye, kwa maana mikono ile inayounganisha breki na gia ndiyo sehemu ghali kuliko nyingine zote, na mara nyingi hailingani na breki ulizonazo. Ubadilishaji huo unaweza kukugharimu karibu bei ya baiskeli nyingine.

Kuhusu Morogoro Road, ile njia ya pembeni iliyojengwa pamoja na mwendokasi utaikuta ina meza za matunda na bodaboda zinazokuja mbele yako, na katikati kwenye mabasi usiingie hata pakiwa peupe. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, umedai njia salama kwa miaka mingi, na dai hilo bado linasubiri. Kwa mwezi wa kwanza mimi ningekushauri upakie baiskeli kwenye gari la rafiki Jumamosi alfajiri mpaka Oysterbay, uanze saa kumi na mbili kamili, upite Toure Drive na Daraja la Tanzanite hadi mjini na kurudi. Ni tambarare tupu, magari ni machache saa hizo, na utajifunza kubadilisha gia bila kutazama chini kabla hujakutana na daladala. Ukishaweza kunywa maji kwa mkono mmoja bila kuyumba, anza safari za kazini.

Mdau wa Ubungo

Natoa taarifa, wakuu. Nilianza kufuatilia uzi huu mwanzoni, na juzi nimenunua. Ni Giant ya alumini, fremu 54, Sora, magurudumu ya 622, inapokea tairi la 28 bila shida. Muuzaji alianza na shilingi 650,000. Nilipolegeza boliti ya kiti na kutoa futi alicheka, nilipomsomea cheni milimita 308 akaacha kucheka, na tukakubaliana 510,000. Nimeshabadilisha cheni na meno ya nyuma kwa fundi. Tatizo moja: nikibana breki ya kulia inashika gurudumu la nyuma, na ya kushoto inashika la mbele. Phoenix niliyokulia nayo Shinyanga ilikuwa kinyume. Jana nusura niruke juu ya usukani pale Shekilango. Je, imefungwa vibaya?

Mleta uzi

Hongera sana, mkuu, na pole kwa Shekilango. Haikufungwa vibaya. Baiskeli zilizotoka Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingi za bara la Ulaya huwa na breki ya mbele mkono wa kushoto. Za Uingereza na Japani huwa nayo mkono wa kulia, kama ile Phoenix yako. Ukilazimika kufunga breki ghafla, mkono hufanya ulichouzoesha tangu utotoni bila kukuuliza, kwa hiyo usijilazimishe kujifunza upya. Mwambie fundi azibadilishe. Kwa breki za kubana rimu ni kazi ya saa moja: atafungua utepe wa usukani, atatoa waya na maganda yake, na atafunga mapya kwa urefu unaofaa, kwa kuwa ya zamani yatakuwa mafupi upande mmoja. Nunua pia utepe mpya, wa zamani haurudi vizuri.

Akimaliza, usitoke barabarani siku ileile. Zunguka kwanza kwenye uwanja mtupu, ubane moja baada ya nyingine mara ishirini. Waya mpya hulegea, basi baada ya kilomita 100 hivi rudi kwake akaze waya za breki na za gia, na apime spoku kama bado zimenyooka.

Mdau wa Ubungo

Nimeelewa, mkuu. Nampelekea Jumatatu, na mpaka hapo natembea nayo kwa miguu.